Nusu Boksi, Nusu Mguu

Mji Mpya, Morogoro,
Jumapili, baada ya alasiri.

Kwako dada yangu Asia, Turiani.

Shikamoo dada. Na shikamoo nyingine. Ya kwanza ni ya leo, hii ya pili ni ya miezi yote niliyokaa bila kuja kukuamkia. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea unaitumia kweli, au umeipanga kabatini ikuangalie? Na mpunga je, umeshatoa masuke, au bado mnashinda shambani mnagombana na ndege? Mimi mzima kama chuma cha reli. Meno ya kutafunia nyama yalishahama, ila ya kuchekea yapo yote. Wifi yako Mwanvita naye mzima, anakusalimu sana, anasema ukija mjini usije na kuku, njoo na kitumbua chako kile cha mchele mpya.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Dada, simu nimeiogopa. Juzi ulipopiga nilisema neno moja, wewe ukasema mia na hamsini, halafu ukakata. Barua haikatwi. Hata ukiichana utaokota vipande uviunganishe usome, nakujua tangu tumbo moja. Nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi zilezile nilizozipata ngumbaru, kwenye darasa la watu wazima, kwa hiyo ukikuta neno limekaa upande, na wewe inama upande ulisome. Anakuletea Elia, yule kondakta wa basi la asubuhi. Nimemwambia akiipoteza asikanyage tena Morogoro.

Haya. Sasa hilo jambo la mwanao Sufiani na gari la Ritesh. Kwanza kabisa, yote uliyoyasikia huko ni uongo. Nimesikia stendi ya Turiani wanasema Sufiani alitia jini ndani ya gari, jini likashikwa na kiu likanywa dizeli yote. Uongo. Hapa Mji Mpya wanasema mimi kaka yako nilisimama pale Sangasanga nikanyonya tanki kwa mpira nikauza madumu mawili. Uongo mkubwa, mimi mpira nikiunusa tu natapika. Na wale wanaojifanya wastaarabu wanasema kijana alikosea mara ya kwanza, akarekebisha mashine yake, mara ya pili ikakubali. Huo ndio uongo mbaya kuliko wote, maana umevaa kanzu safi. Anayeijua hadithi hii ni mmoja tu, na ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Kaa chini, goti linyooshe, nikupe.

Unakumbuka Sufiani alivyokuja mjini na ile kompyuta yake ya kukunja, wewe ukalia kana kwamba anakwenda vitani. Alikaa kwangu. Kazi yake, dada, si ufundi ule tuliouzoea wa kulala chini ya gari na kuamka mweusi. Yeye anakaa kwenye siti kama bosi, anachomeka waya chini ya usukani, anatazama kioo. Nilimuuliza anatafuta nini humo, sinema? Akanieleza taratibu, maana ana heshima yule mtoto, amefanana na ukoo wetu. Akasema magari ya siku hizi yana boksi lenye akili. Ndani ya boksi kuna kama ramani, na ramani ile ndiyo inayoziambia nozeli zipulize dizeli kiasi gani na saa ngapi, gari likipanda, likishuka, likiwa na mzigo, likiwa tupu. Ramani ya kiwandani, akasema, imechorwa kwa ajili ya dunia nzima, kwa hiyo haimfai mtu yeyote sawasawa, kama zile suruali za mtumba. Yeye anaifungua, anaipunguza hapa, anaiongeza pale, mpaka iwe ya milima yetu na kabichi zetu. Gari linapata nguvu chini chini, halihitaji kupiga kelele, na mafuta yanapungua. Nikamwambia mimi nilipunguza mafuta kabla mama yako hajaolewa, bila waya wowote. Akacheka tu.

Ritesh unamfahamu, mtoto wa mzee Navin, wale wenye duka la pembejeo kule mjini. Ana Kanta saba, yale malori madogo. Zinapandisha mbolea na sabuni Nyandira, zinashusha kabichi na karoti. Mzee Navin nilimwendeshea miaka ishirini na mbili, na huyu Ritesh nilikuwa namrusha juu akiwa na nepi, kwa hiyo nilimpeleka Sufiani mimi mwenyewe, nikamsifia mpaka kijana akatazama viatu vyake. Ritesh ni mtu wa maneno machache. Akasema atatoa gari moja lijaribiwe. Kama mafuta yatapungua kweli, atampa Sufiani ile kona ya yadi yenye bati, Kanta zote saba ziwe mkononi mwake, na kibao cha jina lake nje. Kama hayapungui, basi akunje kompyuta yake aende kwa amani. Na wewe dada ulishatuma neno kwamba akishindwa tu hapo, arudi Turiani akaombe kazi ya miwa. Ukasema umechoka kuwa mama wa mtu anayetazama kioo. Kwa hiyo mtoto alikuwa amesimama na mguu mmoja Morogoro na mmoja Turiani, akingoja tanki limwambie.

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi. Unajaza tanki mpaka shingoni pale Msamvu, pampu ileile, gari limesimama palepale. Unakwenda Nyandira na kurudi mara tatu, mbolea kwenda, kabichi kurudi. Halafu unajaza tena mpaka shingoni, unasoma pampu imeingiza lita ngapi. Mara ya kwanza bila kugusa boksi, mara ya pili baada ya Sufiani kuligusa. Dereva nani? Ritesh hata hakuuliza. Barabara ile ya Mgeta, ya kwenda Nyandira, mimi ndiyo iliyonizaa mara ya pili. Kona zake zinaniamkia.

Safari tatu za kwanza pampu ikasema lita sitini. Sufiani akaandika. Akamwambia Ritesh, mbele yetu wote, kwamba zitapungua tano, zikizidi hapo ni bahati. Ila akasema neno moja nililolisikia kwa sikio moja tu. Alisema kazi hii nusu ni boksi, nusu ni mguu wa dereva. Akachomeka waya wake, akakaa tangu saa mbili mpaka adhuhuri, akamaliza. Kisha akanivuta pembeni akaniomba, eti mjomba, endesha kama siku zote, usiongeze mwendo kwa sababu ya nguvu mpya, na ukiwa unashuka acha gia ndani, ondoa mguu tu kwenye akseleta. Nikamjibu kwamba siku nitakayofundishwa kushuka mlima na mtu niliyemfundisha kujisaidia chooni, siku hiyo nizikwe. Akasema haya mjomba.

Dada, hilo gari! Sitakudanganya. Nilikanyaga pale Sangasanga kidogo tu, likanyanyuka kama mbuzi aliyesikia kisu. Nilipofika kwenye ule mwinuko mrefu kabla ya Langali, mbele yangu nani? Abdulatif. Yule Mnyamwezi anayeendesha gari la mfanyabiashara mmoja Mkinga, mtani wetu, aliyesema kwenye msiba wa shangazi kwamba Waluguru tunalima mlimani kwa sababu tunaogopa kukanyagwa na ng'ombe. Miaka kumi ananipita hapo hapo na kunipungia mkono kama malkia. Siku hiyo nilimpita mimi, na mifuko themanini ya mbolea mgongoni. Nikapunguza kidogo nikiwa ubavuni mwake ili anione vizuri, nikamuuliza kama anasukuma au amepaki. Kina mama waliokuwa wanaosha karoti mtoni waliinuka wakapiga vigelegele. Nikampita safari ya pili. Safari ya tatu nilimsubiri makusudi pale darajani, ili nimpite tena.

Tukarudi Msamvu. Watu wamejaa, maana habari ilishaenea. Ritesh amesimama na mikono nyuma. Pampu ikaanza kuhesabu. Hamsini. Hamsini na tano. Sufiani akainama karibu na pampu. Sitini. Haikusimama. Ilikwenda mpaka sitini na tatu, ndipo dizeli ikachungulia shingoni.

Ritesh alilitazama tanki, akanitazama mimi, akalitazama tanki tena. Huko kutazama, dada, kuliniuma kuliko tusi. Abdulatif naye, mtani hana msiba, akapaza sauti kwamba mzee Mansuri, yaani mimi, alikuwa anakimbia vile kwa sababu wateja wa madumu walikuwa wanamsubiri. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na siwezi kumkasirikia, ni mtani. Nilimjibu tu kwamba angekuwa karibu angeona, lakini alikuwa nyuma sana.

Sufiani akachomeka waya. Boksi lile kumbe linaandika kila kitu, kila mwendo, kila mkanyago. Akatazama. Akatazama muda mrefu, mpaka nikaona sikio lake limebadilika rangi. Kisha akaikunja kompyuta, akamwambia Ritesh kwamba kosa ni lake, ramani ameichora vibaya, mjomba hana neno, mafuta hayakuibwa. Akaomba radhi. Ritesh akamshukuru kwa kusema kweli, akamwambia aende kwa amani. Ndivyo ilivyokuwa, na wewe ndipo ukapigiwa simu na hao wenye midomo.

Mimi nilirudi nyumbani nimeinua shingo. Nikamwambia Mwanvita, unaona, nilisema, kompyuta haijui mlima. Mwanvita alikuwa anachagua mchele, hakuinua hata uso. Akaniuliza kama nilifanya kama mtoto alivyoniambia. Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema anamaanisha alichokisema. Dada, mwanamke ukiishi naye miaka arobaini anakuwa kama hilo boksi, ameandika kila kitu.

Nikaenda chumba cha nyuma. Sufiani anakunja nguo zake anaziweka kwenye begi, taratibu, kola kwa kola. Nikamwambia afungue hiyo sinema yake anionyeshe. Akakataa. Akasema hakuna kitu. Nikamwambia mimi ni mjomba wako, na kwetu Waluguru mtoto ni wa mjomba, nakuamuru fungua. Akafungua.

Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili. Mmoja, akasema, ni mwendo wa gari. Mwingine ni mzunguko wa injini. Akaniwekea kidole mahali tulipokuwa tunashuka kutoka Nyandira. Mwendo wa gari spidi hamsini, kabichi tani tatu nyuma. Na injini? Injini inanguruma kidogo kidogo kana kwamba gari limepaki sokoni linangoja chenji.

Sasa dada, hapa ndipo ninapokuomba ukae vizuri, maana haya sijamwambia mtu mwingine yeyote kwa kalamu. Mimi nilikuwa nashuka na nyutro, gia nje. Mlima mzima. Safari zote tatu. Nimeshuka na nyutro tangu nilipoendesha Lendirova ya bwana misitu, na enzi zile nilikuwa nazima kabisa injini, gari linateremka kimya kama paka, unasikia ndege wanaimba. Mzee Navin alinipa zawadi ya kitenge kwa mafuta niliyomwokolea. Haukuwa uongo! Magari yale ya kabureta, ukiacha gia ndani, mlimani yanaendelea kunyonya tu.

Lakini Sufiani akanieleza, na macho yake hayakunitazama, kwamba boksi hili lina akili nyingine. Ukiacha gia ndani na ukaondoa mguu, lenyewe linaona magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, linafunga nozeli zote. Halitoi hata tone. Bure kabisa, mlima mzima. Ila ukitia nyutro, unaiachanisha injini na magurudumu. Boksi linaogopa injini itazimika, linaanza kuipulizia dizeli ili iishi. Kwa hiyo mimi, dada, fundi wa kuokoa mafuta, nilikuwa nateremka mlima mzima namwaga. Na kupanda je? Kupanda akanionyesha mstari umesimama wima kama mnazi. Akaniuliza kwa upole hapo kulikuwa na nini. Hapo alikuwepo Abdulatif.

Nikamuuliza kwa nini hakusema palepale Msamvu, ushahidi ameushika mkononi. Alikunja shati lingine. Kisha akasema hivi, na nakuandikia kama alivyosema: siku moja, Mungu akucheleweshe, jina la Mansuri nitalirithi mimi. Siwezi kulichafua mbele za watu halafu nije nilivae.

Dada, nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku.

Asubuhi nilikwenda yadi ya Ritesh kabla magari hayajapakiwa. Madereva wote wapo, na Abdulatif alikuja makusudi kunywa chai ya bure. Nikasimama juu ya mfuko wa mbolea nikasema yote. Nyutro, mbio, kila kitu. Kwamba kijana hakukosea hata nukta, mkosaji ni mimi mzee na mguu wangu.

Unajua walifanya nini? Walicheka! Hakuna aliyeamini. Abdulatif alipiga makofi akasema hii ndiyo nzuri kuliko ile hadithi yangu ya zamani ya chatu aliyefunga breki. Wakasema mzee anamkinga mpwa wake, na kwa kweli anajua kutunga. Miaka sabini nimewapa uongo wakaumeza bila maji. Siku moja nawaletea ukweli, wananiambia nimekosa chumvi. Ndiyo maana mpaka leo wanaisimulia vibaya.

Ritesh peke yake hakucheka. Alifikiri, akasema tangu azaliwe hajawahi kumsikia mzee Mansuri akisema amekosea jambo, kwa hiyo hata kama ni uongo, ni wa aina mpya, na anataka kuuona mwisho wake. Akatoa safari tatu nyingine. Akaufunga mfuniko wa tanki kwa waya na lakiri, akaweka funguo mbele yangu.

Nilikwenda peke yangu, dada. Kupanda nilikwenda kama bwana harusi, pole pole, gia juu, mguu mwepesi. Safari ya kwanza Abdulatif alinipita kwenye ule mwinuko akaniuliza kama nasukuma au nimepaki. Nilimpungia mkono. Hicho ndicho kilikuwa kipande kigumu cha barabara yote, na hakina hata kona.

Kushuka ndiko kulikonitesa kwa namna nyingine. Pale mwinuko unapokatika juu ya Langali, mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ulikwenda kwenye gia kutafuta nyutro. Miaka arobaini na tano mkono unajua njia. Nimeshaikamata gia, na mara, katikati ya barabara, nyani dume amekaa! Mkubwa kama mwenyekiti wa kijiji. Amekunja mikono, ananitazama machoni, anatikisa kichwa pole pole, hivi, hapana. Mkono ukalegea. Gia ikabaki ndani. Nyani akainuka akanipisha kwa heshima zote. Gari likashuka linajishikilia lenyewe, breki hata hazikupata moto. Ile harufu ya kuungua ambayo miaka yote nilidhani ndiyo harufu ya Langali, siku hiyo sikuisikia.

Pampu ya Msamvu ilisimama kwenye hamsini na nne.

Ritesh aliitazama, akaenda akampa Sufiani mkono, akauinamia kidogo. Sufiani akamwambia kweli yote pale pale, kwamba asitegemee boksi tu, boksi bila dereva ni pambo, na mwenye kutaka lita sita azipate kwa mguu pia. Sasa ana ile kona yenye bati. Kibao kimeandikwa jina lake kwa rangi ya bluu. Kila gari akimaliza boksi, dereva wake lazima afundishwe kushuka na gia ndani, na mwalimu wa somo hilo, nadhani umeshamjua, ni mwenye kukuandikia. Mwanafunzi mgumu kuliko wote ni Abdulatif. Bosi wake amemleta kwa nguvu. Nimemwanzishia ngumbaru.

Kwa hiyo dada, mwanao harudi kwenye miwa. Nakuomba uliondoe lile neno ulilolituma. Kama kuna mtu wa kugombezwa ni mimi, nigombeze ukija, nitainamisha kichwa dakika tano kamili.

Nisalimie wote nyumbani, wanaonikumbuka na wanaonidai hadithi. Wape pole wakulima wenzako kwa ndege. Mpe Elia majibu, na mchele kidogo usiwe mzito kuliko barua. Mungu alilinde goti lako litufikishe kwenye harusi ya Sufiani.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Mansuri, mwalimu wa kushuka mlima.

Dada, bahasha nilishaitia gundi, nimeifungua tena. Mwanvita ameisoma begani kwangu, amenitazama lile jicho lake. Haya. Yule nyani hakuwepo. Wala sikuwa peke yangu, Sufiani alikuwa amekaa siti ya pembeni. Mkono wangu ulipokwenda kwenye gia, aliweka wa kwake juu, akauacha hapo, anatazama kabichi za watu dirishani. Tukashuka hivyo mpaka Sangasanga.